Mkanda Mweupe wa Siku ya Ubatizo

Kisugu, Kampala
Jumapili, baada ya misa

Yaya wangu Zawadi,

Nakuamkia wewe dada mkubwa uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea, na namwamkia shemeji Tumaini, na nyumba nzima. Goti lako linaendeleaje? Mama Neema, yule anayeleta vitambaa vya vikwembe Kampala na kurudi mikono mitupu, aliniambia siku hizi unapanda kanisani kwa kupumzika mara mbili njiani. Na kifua cha shemeji je? Bado kinamsumbua asubuhi? Mwambie aache kulala karibu na moshi wa makaa, ingawa najua ndiyo kazi yake, na kwa nini ndiyo kazi yake nitafika hapo.

Mimi nipo. Nimechoka tu, Yaya. Si ugonjwa. Ni kule kuchoka kwa mtu anayeamka akiwa ameshachoka. Mgongo unauma kwa kuinama juu ya meza, na macho yameanza kunikimbia. Sehemu yangu ya kazi bado ni ile ile karibu na Nakivubo, kibanda cha picha za paspoti. Mtu anakaa kwenye kiti, nyuma yake kitambaa cheupe, namwambia asicheke, namaliza. Kelele za magari toka asubuhi mpaka jioni. Jirani yangu anauza chaja za simu na redio yake haizimwi.

Utajiuliza kwa nini naandika kwa kalamu wakati simu tunazo. Kwenye simu ungelia, na mimi ningekata nikasema mtandao umepotea. Nimefanya hivyo mara mbili mwaka huu. Karatasi siwezi kuikata.

Acha nianze na kitu cha kuchekesha. Unakumbuka aparei ya Baba ya kupigia picha, ile ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia? Huku vijana wameanza kuzitaka hizo. Kweli kabisa. Watoto wenye simu za maana wanachimba masanduku ya babu zao, wanatoa aparei za mkanda, wanazileta kwangu nizisafishe na niwaoneshe kuzitumia. Nyuma ya kibanda kuna stoo, nimeziba mwanga kwa blanketi, humo nasafisha mikanda yao kwa dawa mpaka picha zitoke. Mmoja nilimuuliza, "Simu yako inapiga vizuri kuliko hii, unataka nini tena?" Akanijibu, "Mzee, simu inanipa picha mia na siangalii hata moja. Hii inanipa thelathini na sita, na ninakumbuka zote kabla hata sijaziona."

Nilimwelewa. Baba alikuwa akisema maneno karibu na hayo. Zile aparei hutazami kupitia kioo kikubwa cha mbele. Unatazama kwenye kidirisha cha pembeni, na humo unamwona mtu wawili, yeye na kivuli chake, unazungusha taratibu mpaka kivuli kinamwingia, wanakuwa mtu mmoja. Hapo ndipo unabonyeza. Haipigi kelele, inatoa mlio mdogo tu kama mtu aliyefunga mdomo. Na kwa sababu dirisha ni pana kuliko picha, unamwona mtu kabla hajaingia, unamngoja afike. Baba alisema hiyo ndiyo kazi yenyewe, kungoja.

Sasa macho yangu hayaungi tena. Nazungusha, nazungusha, wale wawili wanabaki wawili.

Yaya, nakuja kwenye jambo lenyewe.

Mwezi uliopita alikuja binti mmoja anaitwa Akello, anakaa na mama yake kwenye nyumba za polisi Nsambya. Watu wao ni wa kaskazini. Babu yake alikuwa polisi, aliacha aparei ya namna ya Baba, na mama yake naye ni polisi, tena ndiyo alikuwa anastaafu. Siku ya kuagwa kwake gwaride lilifanyika uwanjani, na mama akamwambia binti, "Utanipiga na ile ya mzee, sitaki ya simu." Akello akapiga mkanda mzima, akauleta kwangu.

Nikausafisha. Nikautoa kwenye dawa, nikauinua. Mweupe. Mweupe kama maji, toka mwanzo mpaka mwisho.

Unajua nilitazama nini kwanza? Ukingoni. Wewe umeishi na wapiga picha wawili lakini hili labda hawakukuambia. Pembeni mwa mkanda kuna namba ndogo, moja, mbili, tatu, kiwanda kinaziweka. Kama dawa imeharibika, hata zile namba hazitoki. Kama namba zimetoka nyeusi na safi, halafu picha hakuna, basi dawa haina kosa na aliyesafisha hana kosa. Maana yake mwanga haukuingia kabisa. Na kwa aparei hizo za kidirisha hilo linatokea kwa njia moja kuliko zote: mpiga picha amesahau kutoa kifuniko mbele ya kioo. Anaona kila kitu vizuri kwenye dirisha lake la pembeni, anabonyeza, anafurahi, na kumbe aparei imefumba jicho.

Namba za Akello zilikuwa safi.

Alipofika nikamwonesha. Akapiga kelele mpaka yule wa chaja akapunguza redio. "Umeua picha za mama yangu! Dawa gani hiyo umetia, wewe Mkongo?" Nikafungua mdomo nimwambie habari ya namba, mdomo ukakataa. Si kwa wema, Yaya. Nilimwona shemeji Tumaini. Nilimwona amesimama mlangoni mwa studio ya Baba, mkanda unadondosha maji kwenye viatu vyake. Akello akaondoka analia.

Kesho yake akaja mama mwenyewe, afande, na yunifomu yake bado, maana alikuwa hajairudisha. Mwanamke mnene, mrefu, kibanda kikaingia giza.

"Wewe mzee ya picha! Kuja hapa. Foto ya mimi iko wapi?"

"Afande, kaa kwanza."

"Mimi sikai. Miaka yote nimeshika wezi, leo kustaafu, mwizi anashika mimi! Wewe leo utalala ndani."

Yule wa chaja akasema, "Afande, si umestaafu? Utamfunga na nini?"

"Na mkono! Na wewe nyamaza, nitaanza na wewe."

Watu wakacheka, mimi jasho linanitoka. Hapo hapo Akello akaingia anahema, ameikamata aparei ya babu yake kifuani. Akasema, "Mama, wacha mzee. Kosa ni ya mimi. Uwanjani vumbi ilikuwa mingi, nikafunika kioo. Sikufunua. Saa hii nimekuta kifuniko iko pale pale."

Afande akamtazama mtoto wake. Nikajua sasa litapigwa kofi. Akauliza pole pole, "Kwa hiyo ulinipiga giza thelathini na sita?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimesimama kwa jua, nimeshika tumbo ndani namna hii?"

Akacheka, Yaya. Alicheka mpaka akashika meza yangu. Halafu akanigeukia, akasema, "Mzee, nisamehe mdomo yangu." Na kwa mtoto akasema, "Haya. Yunifomu bado iko. Nasimama tena."

Akasimama pale pale mbele ya kitambaa cha paspoti, Akello akampiga. Mimi nikaingia stoo nikakaa juu ya ndoo.

Nasimama tena. Maneno mawili. Sijalala vizuri tangu hapo.

Yaya Zawadi, siku ya ubatizo wa Esperansi wako, kifuniko kilikuwa mbele ya kioo. Nilikiweka mimi, tulipotoka kanisani manyunyu yalianza. Nilikuwa nimekunywa kwa jirani tangu asubuhi, hilo nalo hukulijua. Nikapiga mkanda mzima kwa furaha. Hakuna aliyeniambia, maana mtu anayepigwa picha anatazama uso wako, hatazami kioo. Unakumbuka Mama alivyokuwa? Maisha yote alimkatalia Baba picha. "Umeshapiga wanawake wote wa Kadutu, acha mmoja apumzike." Siku ile akavaa kikwembe kipya cha kijani, akamchukua mjukuu, akasema mbele ya wote, "Leo nipigeni. Na anipige huyu, ana mkono wa baba yake." Alinisifu, Yaya. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa nimelewa, na alinisifu.

Shemeji ndiye alisafisha, kama alivyosafisha tangu enzi za Baba. Nilikuwa nje ya mlango. Alipotoka na ule mkanda mweupe, alinipa nishike. Niliona namba. Kabla hajasema kitu nilisema mimi, kwa sauti, ili baba mdogo aliyekuwa barazani asikie: "Tumaini, umefanya nini? Umeua picha za Mama!"

Na wewe ulikuwepo baba mdogo alipouliza, "Mkwe, ilikuwaje?" Shemeji akanitazama. Akatazama chini. Akasema, "Labda dawa ilikuwa imezeeka."

Alijua, Yaya. Mtu wa stoo anatazama namba kwanza. Alijua kabla yangu. Sijui kwa nini alinifunika. Nafikiri hakutaka Mama asikie, maana alikuwa amenisifu jana yake mbele ya watu. Lakini sijui, sikuwahi kuthubutu kumuuliza.

Kuna jambo ambalo sikuliona miaka yote mpaka afande aliposimama mbele ya kitambaa. Siku zote nilijiambia dhambi yangu ni kumsingizia shemeji. Kubwa zaidi ni hii: Mama aliishi miezi mitatu baada ya ubatizo. Miezi mitatu! Kikwembe kilikuwepo, mtoto alikuwepo, aparei ilikuwepo. Ningesema tu, "Mama, nilisahau kifuniko," angenicheka, angenitukana kidogo, angesimama tena. Lakini tulimwambia dawa imeharibu, mkwe ameharibu, naye akasema, "Basi, Mungu hataki nipigwe," na akakataa mpaka mwisho. Siku hizo simu zilikuwa za kuongelea tu. Ndiyo maana juu ya jeneza tuliweka ile picha ya kitambulisho iliyokuzwa, yenye muhuri kwenye shavu. Wewe uliufuta ule muhuri kwa kidole. Nilikuona.

Na baba mdogo akasema aliyeua picha ya mama hawezi kurithi aparei ya baba. Nikapewa mimi. Shemeji akatoka studio akaenda kwenye kazi ya kuchoma makaa. Mimi studio nikaifunga, nikaja huku. Na wewe ulikaa na mume wako miaka hii yote, na najua kuna siku ulimtazama mezani ukakumbuka. Ulishaniambia. Nilikata simu, nikasema mtandao.

Hiyo ndiyo habari. Sikuombi unisamehe kwenye barua hii. Nakuomba uisome kwa sauti shemeji akiwa amekaa, na baba mdogo Anselme akiwa amekaa, na Esperansi awepo, maana ni ubatizo wake. Ukichoka kusoma, mpe yeye amalizie.

Mama Neema amebeba mfuko mmoja wa kitambaa. Ndani kuna aparei ya Baba, ni ya shemeji. Nilianza kuandika kwamba namrudishia kwa sababu macho yangu hayafai tena, nikafuta. Ni yake tangu siku ile. Kuna pia ule mkanda mweupe, nimeutunza miaka yote katikati ya vyeti vyangu. Mpe autazame ukingoni. Hatahitaji maneno.

Ndani ya aparei kuna mkanda mpya. Nimepiga ishirini, kibanda changu, mlima wa Nsambya kwa mbali, yule wa chaja na redio yake, afande. Akello ndiye aliniungia vivuli kwa macho yake, mimi nikabonyeza. Zimebaki kumi na sita. Shemeji apige hizo, na asafishe yeye, dawa nimeifunga vizuri kwenye chupa nyeusi. Nimesikia kikwembe cha kijani cha Mama bado unacho. Kivae, Yaya, simama na Esperansi.

Nisalimie baba mdogo Anselme, najua atakasirika, na ana haki. Nisalimie Esperansi, mtoto wa ubatizo, na wadogo zake wote. Nisalimie jirani Mama Furaha, aliyeninywesha asubuhi ile bila kujua. Na shemeji Tumaini, mwambie mdogo wako amepiga magoti, si kwa maneno tu.

Mtashangaa aparei imefika bila kifuniko mbele ya kioo. Msikitafute kwenye mfuko. Nimebaki nacho mimi.

Mdogo wako,
Bahati