Sirène ya Lusenge na bakwe ya Kavuo

Masika, mimi na bwana yangu Lusenge tungali tunagombana. Ananiambia mbele ya batoto: "Mama Kavuo, usiguse meza, ni laboratoire yangu."

Laboratoire. Meza yangu ya kulia chakula.

Unakumbuka ile kit ya électronique, vile vifaa vya kuunganisha vya umeme, yenye aliagiza Kampala. Fer à souder yake, ile chuma ya moto ya kuunga nyaya, iliunguza nappe, kitambaa ya meza yangu. Leo amefunga sirène, king'ora ya kupiga kelele, ku mulango. Ati ya kutisha bezi.

Na leo njo bakwe balikuja kuomba binti yetu Kavuo aolewe na kijana wao.

Baba ya kijana anaweka muguu ku mulango, sirène inalia. Unajua quartier yetu, huu mutaa: sauti ya vile ikilia, batu banafikiri adui ameingia. Kila nyumba ikajibu na sufuria na filimbi, banaume bakatoka na mapanga. Muzee wa batu akakimbia, akaacha jogoo ya heshima yenye alituletea na kiatu kimoja.

Lusenge yeye anachekelea: "Umeona? Inafanya kazi."

Inafanya kazi, Masika. Kavuo analia ndani ya chumba, na baba yake anasema inafanya kazi.

Nikamuuliza bakwe batarudi namna gani. "Ngoja kwanza nipunguze sauti," anasema.

Sikungoja. Sirène, nyaya, fer à souder, vyote nimevitupa ndani ya nyumba ya mbuzi. Meza nimeipangusa. Lusenge nimemupa kiatu ya muzee mukononi, nimemuitia mimi mwenyewe moto, pikipiki ya kumupeleka kwao.

Ameshaenda kuomba musamaha. Mbuzi iko inakula mode d'emploi, karatasi ya maelekezo ya ile sirène.