Saa Moja ya Kiswahili kwenye Waya

Maskati, Alkhamisi, Julai 1968

Joto la leo halisemeki. Tangu asubuhi namwaga maji uani, na kila nikimwaga yanakauka hata ndoo sijairejesha mahala pake. Roho yangu nayo haijatulia, lakini hiyo si kwa sababu ya joto.

Leo ilikuwa saa yangu.

Acha niandike tangu mwanzo, nisije nikajidanganya siku za mbele nikaona mambo yalikwenda vyengine. Mtaani kwetu, sisi tuliotoka Unguja, redio ni moja tu, ya Bwana Salim fundi. Yeye ndiye mwenye ruhusa ya ofisi ya mji. Ametandika waya kutoka kwake, ukapita juu ya mapaa, ukaingia kila nyumba, na mwisho wa waya pana kisanduku cha mbao chenye spika. Redio anaifungua yeye huko kwake kwa betri la gari, na sisi tunasikia anachosikia yeye. Akitaka khabari za Misri, mtaa mzima unasikiliza Misri, na aliyechoka anakifunika kisanduku chake kwa nguo.

Mwezi uliopita watu wa ofisi walikuja kuutazama ule waya. Sina la kuwasema, walikaa kwa adabu na kahawa wakanywa. Lakini ruhusa mpya imekuja na masharti yake. Waya uwe wa mtu mmoja kwa mtaa mmoja. Usivuke njia kuu. Uzimwe kabla milango ya mji haijafungwa. Na ndani yake ipite Kurani na stesheni za Kiarabu tu, kwa sababu wao wanataka kujua watu wanasikilizishwa nini. Bwana Salim akawabembeleza sana, akawaambia humu mna wanawake ambao Kiarabu chao ni cha kuombea maji tu. Mwisho wakamwachia saa moja ya Kiswahili kwa wiki, Alkhamisi alasiri.

Saa moja, kwa mtaa mzima.

Basi palikuwa hapakaliki. Wanaume walitaka khabari za dunia, kama vile dunia inawangoja wao. Bi Shuweikha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alitaka taarabu, na yeye akitaka kitu hasemi mara moja akanyamaza. Akasema kaacha nyumba, kaacha kaburi la mumewe, na leo ataambiwa taarabu nayo aiache. Jengine aliloliacha hakulitaja. Mwanawe Nassor hatajwi. Tangu ule mwaka wa mapinduzi tuliotoka hajaonekana, na mama yake alishamsomea khitma. Nyumbani kwake jina lile halipiti mdomoni mwa mtu.

Mimi nilitaka salamu. Kule pwani watu wanapeleka kadi redioni, na mtangazaji anazisoma: fulani wa Mombasa anamsalimu fulani wa Tanga. Zuwena mdogo wangu alikuwa mgonjwa wa kadi hizo. Tulikuwa tukiandika pamoja, mimi nataja majina, yeye anaandika kwa ile hati yake ya kujisifu, halafu tunakaa wiki nzima masikio juu. Bandarini mimi nilipanda meli na mume wangu, yeye akabaki kumngoja wake. Tangu siku ile sina khabari yake, ila mwanamke mmoja aliyeniapia kuwa kamuona Mombasa, sokoni, kakonda. Kama yu hai, atapeleka kadi. Simjui vyengine.

Kwa hiyo nikashinda, na sikushinda kwa haki. Nilikwenda kwa mke wa Bwana Salim nikamlilia mpaka chai yake ikapoa. Siku ya pili saa ikawa ya salamu. Bi Shuweikha akaniambia juu ya ukuta, "Kaa na salamu zako, mwanangu. Mimi kisanduku changu nshakitia kanga." Toka hapo hata sahani ya vitumbua haijapita baina yetu.

Leo mtaa mzima ulikuwa harusini, mtaa wa pili. Bwana Salim aliitega redio kwenye stesheni ya pwani akaondoka na wenzake. Tuliobaki ni mimi kwa saa yangu, na Bi Shuweikha kwa miguu yake inayomvimba.

Nilioga. Nikavaa kanga mpya, nikajifukiza na udi, nikakaa chini ya kisanduku kama mtu anayengojea mgeni. Najua ni upuuzi.

Majina yakaanza. Sauti inakuja, inakwenda, mara inavuma tu. Kila nikisikia "Zu" nanyanyuka, kumbe ni Zubeda, kumbe ni Zuhura. Wala siwachukii, lakini leo niliwachukia.

Halafu yule mtangazaji akasoma hivi, nnayaandika kama nilivyoyasikia: Nassor bin Khamis, wa Mombasa, anamtafuta mama yake, Bi Shuweikha binti Said wa Malindi, Unguja. Kasikia yuko Maskati. Anamwambia yeye mzima, kaoa, na kapata mtoto wa kike kampa jina la bibi yake. Atakayesikia amfikishie.

Sikuinuka.

Nnaandika kweli hapa, hakuna anayenisoma. Nilikaa. Kwanza nilichosikia si furaha, ni ghadhabu. Saa niliililia mimi, yeye kaifunika kwa kanga, halafu mwana anafufuliwa wake. Na jambo la pili, saa ilikuwa haijesha. Nikitoka, Zuwena anaweza kusomwa nyuma ya mgongo wangu, na wiki nzima tena, na nani ajuaye ofisi itasema nini mwezi ujao. Jina moja likapita, na la pili, na la tatu. Nikaona sisikii tena. Nnaloliskia ni lile moja tu, atakayesikia amfikishie, na aliyesikia ni mimi.

Nikatoka mbio, miguu mitupu, mawe yananiunguza.

Nilimkuta anachambua mchele. Aliponiona mlangoni uso ukamkunjana, akidhani nimekuja kumtambia. Nikamwambia moja kwa moja, sikujua kuzungusha. Ungo ukamtoka mkononi, mchele wote chini. Akanishika mikono yote miwili akasema, "Rudia." Nikarudia. "Kaoa nani?" Sijui, Bi Shuweikha, hawakumtaja. "Mtoto kampa jina langu?" Lako. "Rudia tena." Nikarudia, naye analia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mzima, na mimi nalia, na sijui nnamlilia nani.

Kisanduku chake kilikuwa pale pale juu yetu, kimefunikwa. Chini ya ile kanga mtangazaji alikuwa bado anasoma. Nnamsikia anavuma, jina baada ya jina, na sikulishika hata moja. Ningeweza kuivuta ile kanga. Lakini mikono yangu alikuwa nayo yeye, na sikuwa na moyo wa kuitoa.

Tulipotulia, Bwana Salim alikuwa kesharudi kugeuza stesheni, na Kurani inasomwa. Saa imekwisha.

Sasa Bi Shuweikha kishatangaza kuwa Alkhamisi ni ya salamu, na asiyeridhika akamuone yeye. Kaniletea halua kwa mkono wake, na miguu ile ile. Kaniuliza, "Na wako?" Nikamwambia bado. Akanitazama sana, akaweka mkono juu ya kichwa changu kama mtu anayemuombea mtoto.

Nimefurahi kwa ajili yake, wallahi nimefurahi. Wiki ijayo nitakaa tena chini ya kisanduku. Lakini ile robo saa ya mwisho ya leo hainitoki kichwani. Mtaa mzima ulikuwa harusini, na sisi wawili tulikuwa tunalia.

Zuwena, kama leo ulinitaja, nani alikusikia?