Mzee wa Sita

Jumanne, Manundu

Bado nakisikia kile kiti.

Redioni wanabishana kuhusu kurekebisha Katiba, iweke ukomo wa idadi ya majaji wa Mahakama ya Rufani, mtawala asije akajaza watu wake. Wazo hilo nikampelekea baba mdogo, akiwa na wazee wenzake, maana ni mwenyekiti wa baraza la ukoo litakaloamua kesho kama shamba langu la Ngombezi libaki kwangu.

"Wazee watano wanatosha, baba mdogo. Tusiongeze."

"Umechelewa, mwanangu. Nimeshamwongeza marehemu baba yako. Kiti chake kile pale."

Wazee wakacheka. Wanajua baba alikufa hatusemeshani.

Nikacheka pia, mpaka kiti kitupu kilipolia, kama kinavyolia mtu mzito akikaa.

Baba mdogo alitoka wa kwanza. Nilibaki, nikakipa shikamoo.

Sikujibiwa, kama zamani. Na kesho baba anapiga kura.