Kovu la Baba

Dada yangu mpendwa,

Kibao cha kuchorea ulichonitumia kimefika salama, pamoja na kalamu yake. Wiki ya kwanza kilinitoa jasho. Mkono unachora mezani, mchoro unatokea kwenye skrini ya kompyuta, nami nilikuwa nakiinamia kibao kama mtu aliyeangusha sindano. Tena kalamu niliikandamiza kama brashi yangu ya mabango, kila mstari ukatoka mnene kama kamba. Sasa tumeelewana: nikiigusa kidogo mstari unakuwa mwembamba, nikikaza mkono unanenepa.

Kazi ya kwanza ilikuwa picha ya marehemu Baba, ile iliyoliwa na unyevu. Niliiingiza kwenye kompyuta, nikafuta madoa yote, uso ukang'aa, nikamwita Mama.

Akatazama weee, kisha akauliza, "Huyu kijana ni nani?"

Kwa pupa yangu ya kusafisha nilikuwa nimefuta na lile kovu la juu ya jicho, la jiwe ulilorusha ukiwa na miaka sita.

"Lirudishe," Mama akasema. "Alikuwa akiwaonyesha wageni, anawaambia hii ni saini ya binti yangu."

Nimelichora upya, kwa mkono mwepesi kabisa. Kuhusu mazishi yake ambayo hukuyahudhuria, Mama hajasema neno, nami nanyamaza. Ila amenikataza kuitundika picha. Anasema kovu hilo mimi siliwezi, aliyelichora la kwanza aje alikague mwenyewe.

Msumari nimeshaupigilia ukutani.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Mabango