Niliuandika Upya Ukurasa wa Mume Wangu

Mshauri wetu mpendwa, nakuandikia huku nacheka na kulia kwa pamoja, kwa hiyo nivumilie. Nina miezi mitatu tangu niolewe na mwanamume ambaye Mungu alimuumba siku aliyokuwa na nafasi, mrefu, mpole, fundi makochi mwenye vidole vinavyonukia gundi na sponji hata akishaoga, na mimi harufu hiyo naipenda kuliko manukato yote ya madukani, wenzangu wananicheka na wacheke.

Sikufichwa kitu. Kabla ya posa aliniambia mwenyewe kwamba miaka minne iliyopita aliugua akili, akalazwa, akatoka, na tangu hapo anatumia dawa, anatembelewa na muuguzi wa jamii, mama mmoja wa begi la mgongoni ambaye hajipambi kwa lolote, na kila Alhamisi anakwenda kwenye kikundi chao katika ukumbi wa zahanati. Nikamshika mikono nikamwambia, mpenzi, mimi ndiye nitakuwa dawa yako. Akacheka, akasema, "Dawa ninazo tayari. Mimi natafuta mke." Nikadhani ananitania.

Kikundi chenyewe nilikwenda mara moja, mshauri, nikachoka. Watu kumi na wawili wameketi duara kwenye viti vya plastiki wanaelezana nani kalala vipi na nani kagombana na dada yake, na mmoja akasema kwa majivuno kabisa kwamba wiki hiyo ameweza kwenda kununua sabuni peke yake, wote wakampigia makofi, mume wangu naye akapiga kuliko wote! Nikajiuliza, mwanamume mzuri kama huyu anakaa kushangilia sabuni?

Sasa kuna daftari. Kila mmoja wao ana daftari ambalo, akiwa mzima, anaandika mwenyewe mambo yanayomsaidia, dalili za kwamba anaanza kuteleza, na nani aitwe dalili hizo zikionekana. La mume wangu hukaa kwenye droo ya karakana, chini ya mikasi. Nililifungua nikitafuta penseli, haki ya Mungu. Ameandika kwa mwandiko wake ule wa kuku: "Nikianza kufumua kochi lililokwisha kushonwa, Kipara ampigie simu muuguzi, kisha anipe kazi ndogo ndogo. Mke wangu aambiwe baadaye, taratibu, kwa sababu atalia na nitaanza kumtuliza yeye." Kipara ni fundi mwenzake, mtu ambaye hata salamu anaitoa kwa mafungu. Huyo ndiye wa kwanza, na mimi niliyevishwa pete ndiye wa baadaye?

Nikauchana ukurasa ule kutoka kwenye daftari, nikauandika upya kwenye karatasi iliyofuata kwa kalamu yangu ya zambarau, namba yangu ya simu nikaiweka juu kabisa, Kipara nikamtoa, muuguzi nikamtoa, Alhamisi nikaitoa, na kwenye mambo yanayomsaidia nikaandika: mke wangu, tabasamu la mke wangu, kutulia nyumbani na mke wangu. Nikachora na kopa pembeni.

Wiki tatu zilizopita, asubuhi, mume wangu akafumua mshono wa kochi la mteja, akaushona, akaufumua tena. Yeye mwenyewe akamwambia Kipara, "Hebu fuata ukurasa wangu." Kipara akausoma, akanipigia mimi. Nilifika mbio, nikamkumbatia mbele ya wateja, nikalia sana, nikampeleka nyumbani, nikamzimia simu apumzike, nikawaita mama mkwe na mashangazi wawili, nyumba ikajaa, kila mtu anamgusa paji la uso. Muuguzi sikumpigia, niliona mapenzi yatatosha. Siku ya tatu alikuwa bado hajalala, anazunguka chumba anatafuta misumari ambayo haipo, ndipo Kipara akaja kubisha hodi, akanitazama. "Shemeji, muuguzi anasemaje?" Nikamwambia sikumpigia. "Nilidhani ukurasa mliuandika pamoja," akasema, na akapiga simu pale pale mlangoni.

Sasa ametulia, dawa zimerekebishwa, anakwenda kazini nusu siku. Lakini muuguzi alipofungua daftari, mume wangu alilitazama kopa langu, akasema, "Huu si ukurasa wangu." Hakunifokea, heri angefoka. Alhamisi ijayo anauandika upya kule ukumbini, na ameniambia nikae nje. Nje, mshauri! Kwenye benchi, kama mtu aliyemsindikiza jirani! Na asubuhi hiyo hiyo alinibusu akaniita mke wangu. Naomba unifundishe maneno ya kumwambia ili aniruhusu niingie. Ukurasa wake wa zamani bado ninao, nimeuhifadhi kwenye albamu ya harusi.

Wako, Bibi Harusi wa Fundi Makochi

MSHAURI ANAJIBU

Bibi Harusi, maneno ya kukuingiza ndani sina, na ningekuwa nayo ningeyafungia kabatini na ufunguo nikaumeza.

Umeolewa na mtu mzima aliyeujua ugonjwa wake kiasi cha kuandika, siku akiwa salama, mshono upi akiufumua ni hatari na nani ashike simu. Sisi wengine tunaojiita wazima hatujui hata kinachotukasirisha. Wewe ukaichukua kazi hiyo ya miaka minne ukaibadilisha kwa tabasamu lako. Tabasamu! Mtu anateleza, anaomba kamba, mkononi anawekewa picha yako.

Unamcheka aliyenunua sabuni. Unajua alikaa ndani muda gani kabla ya siku ile? Hujui, hukuuliza, ulikuwa unatazama viti. Wale kumi na wawili walikuwa wanajua wanachokipigia makofi. Na Kipara wa salamu kwa mafungu, ambaye humpi hata heshima ya kiti katika barua yako, ndiye aliyebisha hodi wakati wewe na mashangazi mkipokezana paji lake la uso.

Mumeo alitabiri kwa maandishi kwamba utalia naye ataanza kukutuliza. Ukakasirika, ukachana, kisha ukaenda ukalia mbele ya wateja. Bibi, hata shahidi wa kulipwa asingemthibitishia maneno yake vizuri hivyo.

Sasa nisikilize, maana sisemi humpendi. Unampenda, na naamini siku zile tatu nawe hukulala, na hakuna aliyekukalisha akakueleza mke wa mtu kama huyu afanye nini. Hilo si kosa lako. Kosa lako ni kwamba aliyejua kukueleza alikuwa amekwisha kuandika, nawe ukapendelea mwandiko wako. Ugonjwa hukuuleta wewe, na huenda angeteleza hata ungekuwa malaika. Lakini siku tatu alizokaa bila usingizi na bila muuguzi ni zako, usizigawie mtu mwingine.

Leo, kabla hajala, toa ule ukurasa kwenye hiyo albamu umrudishie mkononi. Usiugundishe, usiufunge utepe. Sema, "Niliuchana mimi, nilikuwa na wivu," kisha funga mdomo. Akikasirika, mwache akasirike. Hasira si dalili, ni haki yake. Kesho nenda karakana umwombe Kipara radhi, kwa kifupi, atafurahi zaidi. Na muuguzi yule asiyejipamba kwa lolote, muulize ndugu na wenzi wa wagonjwa hukutana naye siku gani, uende na daftari lako mwenyewe. Andika humo nani akupigie wewe simu ukianza kulia, kwa sababu unahitaji mtu, na mtu huyo asiwe mumeo.

Alhamisi ukae nje. Ukitajwa kwenye ukurasa mpya, utaambiwa. Usipotajwa, bado wewe ni mke wake, kama alivyokwambia tangu kabla ya posa kwamba ndicho anachotafuta. Akitoka usimuulize ameandika nini. Muulize anataka mrudi kwa miguu au kwa basi, na atakachosema, ndicho mfanye.