Nguzo Tatu za Mstari wa Mashariki

Jumatatu, 3 Februari
Karurumo. Msingi wa wodi ya akina mama. Mashimo matatu ya kwanza kati ya sita ya nguzo yamechimbwa kwa keekee ya mashine, kila moja mita tisa. Udongo mwekundu, mkavu, unaoshika. Msuguano wa kando, udongo unavyoishika nguzo ubavuni, peke yake utabeba zaidi ya nusu ya mzigo. Hesabu imetulia.

Jumanne, 4 Februari
Mashimo matatu ya leo, ya mstari wa mashariki, hayafanani na mengine. Mita tatu za juu, keekee ilishuka kana kwamba inaingia kwenye uji. Udongo mweusi, mlegevu, wenye majivu. Chini yake, mwekundu kama kawaida. Kina kimoja, mstari ulionyooka. Hapa palichimbwa na watu, kisha pakafukiwa.

Sipendi jambo hili.

Jumatano, 5 Februari
Nilielekeza jua ndani ya shimo la katikati kwa kioo, kama ninavyokagua kila shimo. Ukutani, mita mbili chini, ncha ya mti uliochongwa. Mugendi, mkandarasi, alicheka. "Injinia, unahesabu nguzo ama mizimu? Zege ni kesho!"

Mchana alikuja Cucu Marigu, ajuza jirani wa kiwanja. Aliyatazama mashimo, akasema ni handaki. Wakati wa Hali ya Hatari, enzi za Mwingereza, watu walipofungiwa kijijini, wanawake na wasichana walilazimishwa kulichimba kukizunguka kijiji na kusimika miti iliyochongwa ndani yake. Ukingo uliporomoka papa hapa, ukamfunika dada yake, Wawira. Askari aliamuru kazi iendelee. Wawira hakutolewa. Marigu, mtoto, alirudishwa kuchimba hatua chache mbele yake.

"Mwanangu, usimmwagie simiti."

Alhamisi, 6 Februari
Nimerudia hesabu. Nikiuchukulia msuguano wa udongo wa kujazia kuwa sifuri, kisha nikarefusha nguzo, inatosha. Hesabu inaruhusu zege. Natamani isingeruhusu.

Udongo wa kujazia huendelea kutua kwa miaka mingi. Unapotua, huishika nguzo na kuivuta chini. Nimelifundisha jambo hili mara nyingi bila kusisimka. Leo niliiweka kalamu chini.

Nimezuia zege. Mstari usogezwe ndani. Wodi itapungua upana. Sababu niliyoandika ni kutua kwa udongo. Ni kweli, lakini si yote. Mugendi aliondoka bila kuaga.

Jumanne, 11 Februari
Nguzo mpya zimo ndani ya udongo mwekundu. Nilimuuliza Cucu Marigu kama tumtafute Wawira. "Aachwe. Kuchimba kulitosha." Alikataa pia mashine iyafukie mashimo ya zamani. Binti zake walikuja na majembe.

Kabla hawajaanza, aliomba kioo. Nilimshika kiwiko. Mwanga ulitetemeka kule chini. Alimwita dada yake kwa jina, mara moja, kama anayemwita mwenzake waende mtoni. Akangoja.

Nami nilingoja.

Kisha akanirudishia kioo. Kina alama za vidole vyake. Sijakifuta.