Nililoandika Kuhusu Betri ya Baba

Mtaa wa Tena, Nairobi
Jumatatu, 14 Julai 2025
Asubuhi ya manyunyu na baridi. Ukungu umeficha magorofa ya Umoja.

Mpendwa ndugu yangu Munyoki,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mama yu mzima, ila magoti yanamsumbua baridi hii. Joto la Doha mnalivumiliaje? Na mtoto, kifua chake kimepoa?

Ujumbe wako niliupata. Umesema siku ya kuweka msalaba kaburini kwa Baba kule Mutomo hutaki kumwona jirani yetu Opicho, kwa kuwa ndiye aliyewasha taa na wipa akamaliza betri, Baba akafia barabarani. Nimeusoma mara nne. Ndiyo sababu nakuandikia kwa mkono.

Unakumbuka Baba alivyoiendesha ile pikapu tangu alternata, ile ya kuchaji betri safarini, iungue. Hakununua nyingine. Alisema injini haiombi mlo, inaomba cheche tu. Hakuna redio, hakuna taa, na kuiwasha ni kusukuma. Betri ilimfikisha sokoni Kariokor na vinyago vyake na kumrudisha. Kila jioni niliipandisha ngazi, nikaichomeka kwenye chaja, nikaandika katika shajara: "Betri imejaa."

"Hii gari ni mzee mwenzangu," aliwaambia majirani. "Ukiinyima usingizi, itakulalia barabarani."

Alhamisi, tarehe 3 Aprili, maombi ya ushirika yalikuwa kwetu. Kabla wageni hawajafika niliandika shajara mapema, na mstari wa betri nikauandika pia. Kazi ya kila siku, nilijua nitaifanya tu. Mara stima zikapotea.

Ayuma wa kwaya akasema, "Dada Nthambi, tuazime betri ya mzee. Spika ikinyamaza hata shetani atatucheka!"

Tukacheka, nikaitoa. Tuliimba saa mbili nzima. Stima zilirudi tukiwa tunakunywa chai. Nikaosha vikombe, nikalala. Betri ilibaki chini ya kiti.

Alfajiri Baba akabanwa kifua. Mvua ilikuwa ya kumwaga. Opicho aliifunga betri, akashika usukani kutupeleka hospitali, majirani wakasukuma, ikawaka. Bila taa na wipa asingeona hata boneti ya gari. Wewe pia ungeziwasha. Tulipofika Donholm pikapu ikakohoa, ikazima.

Baba akanigeukia. "Nthambi, uliichaji?"

"Niliichaji, Baba. Nimeandika."

"Kama umeandika, basi," akasema, akafumba macho. Teksi iliyosimama ilikuta ameshatuacha.

Sikumdanganya kwa kujua. Niliporudi nyumbani niliikuta waya ya chaja imekunjwa vile nilivyoiacha Jumatano, ndipo nikajua. Watu walisema ni mvua, kisha wakasema ni taa. Nikanyamaza. Opicho alipomwomba Mama msamaha mbele ya jeneza, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nimeshika shada la maua. Tangu siku hiyo hajashika usukani.

Pikapu ingali pale nje, haiendi popote. Hata hivyo kila jioni naichaji betri, nakaa nayo mpaka taa ya kijani iwake. Na kila alfajiri, saa kumi na moja, nasikia swali lile kutoka upande wa chaja, kwa sauti yake, bila hasira. Hasira ningeiweza.

Jumamosi nilimwambia Opicho. Akasema, "Nipe siku chache, Dada. Huo mzigo nimeubeba hadi umenizoea."

Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu: kule Mutomo, Opicho akae mbele pamoja nasi. Ikiwa kuna wa kukaa nyuma, ni mimi. Mama bado hajui. Nitamwambia leo jioni.

Msalimie sana wifi Mumo, na umbusu Ndete mdogo, mwenye jina la Baba. Shangazi Nzivo anawasalimu. Mungu awalinde ugenini na awarudishe salama.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata ukinikasirikia,
Nthambi

Jumanne, 15 Julai. Siku hizi siandiki jambo kabla halijatendeka, ndiyo maana naongeza haya asubuhi. Mama nimemwambia. Tulikesha tukiongea, nikalala saa tisa kasorobo usiku.